Marehemu Hadaiwi

Talha Mwishehe alipata wazo la kufa akiwa makaburini, na aliyempa wazo hilo ni muuza nyama.

Walikuwa wamekwenda kumzika fundi cherehani mmoja wa Temeke, mzee mpole aliyeondoka duniani akiacha suruali za watu kumi na moja hazijapindwa miguu. Dua ilipokwisha, shehe akauliza kama ilivyo ada: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na wenye msiba, au kama ana moyo, asamehe. Muuza nyama akainua mkono.

"Namdai elfu thelathini na mbili," akasema. "Nimemsamehe."

Mwenye duka la vitambaa naye akasamehe. Mwenye nyumba akasamehe kodi ya miezi mitatu, na huyo alikuwa mtu ambaye hajapata kumpa mtu kitu cha bure, hata salamu.

Waombolezaji wengine walikuwa wakitafakari mwisho wa mwanadamu. Talha alikuwa akipiga hesabu. Kwa muda wa robo saa tu, mtu aliyelala chini, kimya, bila kuapa wala kumsingizia mama yake ugonjwa, alikuwa amemaliza madeni ambayo Talha, pamoja na ulimi wake wote, asingeyamaliza kwa mwaka.

"Kumbe shida yangu," akajisemea huku akijikung'uta vumbi la makaburini, "ni kwamba niko hai."

Na shida alikuwa nayo kweli. Ulikuwa mwaka 1995, nchi imefungua milango, na vitu ambavyo zamani vilipatikana kwa kibali na kwa kujuana sasa vilipangwa barazani kama nyanya. Televisheni ziliingia mjini kama mafua: akipata mmoja, mtaa mzima unaanza kuumwa. Kule Kinondoni, bwana mmoja aitwaye Kasimiri alifungua duka la vyombo vya ndani, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu LIPA POLEPOLE STORES. Mteja alitoa kianzio, akajaziwa kadi, akaondoka na mali yake, kisha akalipa kila mwezi. Talha alitoa kianzio mara tatu, akajaziwa kadi tatu: televisheni ya inchi ishirini na moja, deki ya video, na friji. Baada ya hapo akalitii jina la duka kuliko mteja mwingine yeyote. Alilipa polepole mno, hata jicho la binadamu lisingeweza kuona kama analipa.

Vitu vyenyewe havikulala Temeke hata siku moja. Televisheni iliuzwa ikiwa ndani ya boksi lake kwa mwenye baa wa Mbagala. Deki ilifuata siku ya pili, na friji ikaenda kwa bibi harusi mmoja wa Kimara kwa bei ya kumtakia heri. Pesa ikageuka mashati ya kung'aa, biriani ya kila Ijumaa, na heshima iliyodumu wiki sita.

Barua ya kwanza kutoka dukani iliandikwa "Mpendwa Mteja." Ya pili, "Mteja." Ya tatu haikuwa na salamu. Halafu zikaja habari kwamba Lipa Polepole wameanza kupita mitaani na pikapu, na ndani ya pikapu mna mwanamume wa miraba minne aitwaye Adelard, ambaye juzi alitoka ndani kwa mdaiwa na kitanda kichwani, godoro juu ya kitanda, na paka juu ya godoro.

Hapo Talha aliona kazi imeingia nyumbani. Maana katika chumba chao hakikuwemo kitu cha thamani isipokuwa kitanda cha mninga, na kitanda hicho kilikuwa cha mkewe, Shamimu, alichopewa na wazazi wake siku alipoolewa. Shamimu aliuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba, na kila senti iliyoonekana na kushikika katika ndoa ile ilitoka katika kikaango chake.

"Yaani mie niwe mjane?" Shamimu aliuliza alipoelezwa mpango.

"Mjane wa karatasi tu."

"Na wewe?"

"Mie nitakuwa kaka wa marehemu. Nimetoka Mafia kuja msibani. Jina langu Anwar."

"Huyo Anwar mwenyewe yuko wapi?"

"Hajapata kuzaliwa. Ndo uzuri wake."

Shamimu alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayetazama kitumbua ambacho hakikuumuka. "Talha, si ulipe tu? Hata kidogo kidogo?"

"Mke wangu, mtu akianza kulipa, wanajua anazo."

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Wapangaji wa nyumba ile ya vyumba sita kila mmoja alikuwa na mdai wake, kwa hiyo kunyamaza ilikuwa kama kuweka akiba. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kondo, alikubali kwa elfu mbili kuandika barua na kuigonga muhuri, kwamba "imeripotiwa kwangu ya kuwa Talha Mwishehe amefariki dunia." Alisema hiyo si uongo, kwa kuwa kweli ameripotiwa. Talha akanyoa ndevu, akanyoa kichwa, akavaa miwani ya kusomea iliyompa kizunguzungu, akakaa barazani kusubiri.

Aliyeshindikana kidogo ni mwenye nyumba, Bi Mwanabaraka, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa Temeke wakati bado kuna mashamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu.

"Mie khitma haisomwi hapa," akasema. "Sichezei dini. Chai mtakunywa. Lakini nakwambia mapema, Talha: mtu hafi nusu. Ukifa kwangu, umekufa."

Talha alicheka. Alidhani ni methali.

Siku ya nne pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Adelard alibaki ndani, amejaa dirisha zima. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, gauni la maua, mwavuli mkono mmoja, mkoba wa plastiki mkono wa pili, na leso ya kufutia jasho imebanwa kwenye mkanda wa saa. Moyo wa Talha ukatulia. Alikuwa amejiandaa kwa simba, na hapa ameletewa mama wa kwaya.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Naitwa Benedicta, natoka Lipa Polepole, Kinondoni." Alizungumza taratibu, kila neno analiweka chini kabla ya kuinua lingine. "Namuulizia Talha Mwishehe."

Talha akavua kofia. Akatazama juu, akatazama chini, akameza mate. "Umechelewa, mama."

"Amehama?"

"Kahama dunia."

Benedicta akafanya ishara ya msalaba, akaketi mkekani bila kukaribishwa. Na Talha, akiisha kujitaja kuwa ni Anwar aliyefika jana kutoka Mafia, kwa sauti ya kaka mkubwa akasimulia: jinsi mdogo wake alivyokosa usingizi kwa ajili ya deni, jinsi alivyokwenda machimboni Tunduru kutafuta fedha ya kuwalipa, jinsi kifusi kilivyomshukia na akazikwa huko huko kwa kuwa njia ilikuwa mbovu. "Na neno lake la mwisho, mama, lilikuwa jina la duka lenu."

"Maskini. Alilitaja lote?"

"Alifika 'Lipa'," akasema Talha, machozi yakimlenga. "'Polepole' ikamshinda."

Benedicta alitikisa kichwa kwa huzuni. Shamimu akatoka ndani, kanga nyeusi imemfunika mpaka usoni, akaweka birika na vikombe. Akammiminia mgeni, akamwekea bakuli la sukari mbele yake. Akammiminia shemeji yake, akatia vijiko vinne, akakoroga, akampa. Talha akapokea na kunywa, akaendelea kueleza tabia njema za marehemu. Benedicta akaisoma barua ya balozi mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani.

"Na lile deni, mama?" Talha aliuliza kwa unyonge. "Sie ukoo wetu ni maskini."

"Baba, marehemu hadaiwi. Nitamweleza mwenye duka." Akafungua mkoba, akatoa noti ya elfu kumi. Mkono wa Talha ulikuwa umeshafika njiani, lakini noti ikaupita, ikatua kiganjani mwa Shamimu. "Hii ni ya mfiwa. Pole sana, binti yangu."

Pikapu ilipoondoka Talha aliingia chumbani akacheza chakacha peke yake mpaka miwani ikaanguka.

Ila habari ya kifo haina breki. Alikuwa amekusudia kumfia mtu mmoja tu, Kasimiri. Kufikia Jumapili alikuwa amemfia kila mtu kuanzia Mbagala mpaka Magomeni. Watu wakaanza kuja. Baadhi walikuja kwa huzuni, baadhi kwa sababu Talha aliwahi kuwaingiza mjini na walitaka kuhakikisha kwa macho yao. Bi Mwanabaraka akaweka bakuli la bati mlangoni, akaketi pembeni yake kama askari wa benki.

Talha alijificha nyuma ya pazia la chumbani akisikiliza habari zake. Si watu wengi wanaopata nafasi hiyo, na pengine ni heri.

"Alikuwa mwizi," alisema mmoja, "lakini mwizi mwenye adabu. Hakupata kukuibia bila kukuuliza hali ya watoto."

Mzee mwingine, ambaye Talha aliwahi kumuuzia saa ya dhahabu iliyogeuka kijani ndani ya wiki, alilia kwa kwikwi. "Alinitapeli," akasema, "lakini alinitapeli huku ananichekesha. Matapeli wa siku hizi wananuna." Akatia elfu tano katika bakuli. Nyuma ya pazia Talha akaanza kuhesabu noti kwa mlio wa kuanguka kwake.

Bakuli lilifikia laki moja na elfu tisini. Jioni ile ya mwisho wa msiba alinyoosha mkono kulichukua, na kiganja cha Bi Mwanabaraka kikamshukia juu ya vidole.

"We Anwar, vipi?"

"Bi Mwanabaraka, si tumo wenyewe humu ndani..."

"Rambirambi zinakaa na mjane. Na godoro lako nimeshalitoa, liko barazani. Shemeji halali chumba cha mjane."

"Lakini mie ni mumewe!"

"Mumewe kafa. Watu wamekunywa chai yake nyumbani mwangu, wametoa hela zao mbele ya macho yangu. Nilikwambia mtu hafi nusu. Binti huyu atakaa ndani."

"Unamweka eda mke wa mtu aliye hai?"

"Hii si eda," akasema Bi Mwanabaraka. "Hii ni adabu."

Talha alimtazama Shamimu, akingoja amtetee. Shamimu alikuwa ameshafunga kanga vizuri, amekaa juu ya kitanda chake cha mninga katikati kabisa, amenyoosha miguu. "Usiku mwema, shemeji," akasema, ingawa jua lilikuwa halijazama.

Wiki tatu Talha alilala barazani akiliwa na mbu wa Temeke, ambao hawakuwa na habari kwamba ni marehemu. Mashati yake ya kung'aa yalikuwa ndani kwa mjane. Mjini hakuweza kwenda, maana kila kona kulikuwa na mtu aliyemtolea rambirambi. Vitumbua vilisimama, kwa kuwa mwenye kikaango yuko ndani, na chakula alicholetewa kilikuwa cha shemeji, si cha mume: alipewa shingo na bawa. Kitu pekee kilichomtuliza ni kukumbuka kwamba Lipa Polepole hawakuonekana tena.

Wakaonekana. Pikapu ile ile, mwavuli ule ule.

"Sikuja kudai, bwana Anwar," Benedicta alisema akijifuta jasho. "Nimekuja kwa jambo linalonisikitisha. Duka lilichezesha bahati nasibu ya wateja. Kila mwenye kadi tatu na zaidi aliingizwa. Wamechomoa jina juzi mbele ya watu. Likatoka la mdogo wako."

"La Talha?"

"La Talha. Amepata pikipiki. Honda, mpya, bado ina nailoni kwenye kiti."

Nzi alitua juu ya pua ya Talha, naye hakumfukuza.

"Sasa masharti yanasema mshindi awe hai," Benedicta aliendelea. "Marehemu hapewi. Itakwenda kwa mshindi wa pili, mwalimu mmoja wa Kimara. Nikasema si vibaya nije kuwaambia, mjue ndugu yenu alikuwa na nyota."

"Na lile deni lake?" Talha aliuliza polepole, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu.

Benedicta akatoa karatasi yenye muhuri wa duka. Juu yake, kwa herufi kubwa: DENI LIMEFUTWA. Talha aliona hilo, na macho yake hayakuwa na haja ya kushuka chini zaidi, ambako palikuwa na mistari mingine midogo.

"Mama," akasema, "hivi, kwa mfano. Huko machimboni kuna mkanganyiko mwingi. Ikatokea habari zilikosewa. Akatokea mzima."

"Mungu ni mwema. Angekuja na barua ya balozi kwamba yu hai, na picha mbili za paspoti. Lakini iwe kabla ya Jumamosi saa sita. Baada ya hapo ni ya mwalimu."

Pikapu ilipokata kona Talha alikuwa ameshavua miwani. Deni limesamehewa; msamaha ukishatoka haurudi, kama mate. Pikipiki ipo. Alijiona mtu wa kwanza Temeke kufa kwa faida na kufufuka kwa faida. Kupitia dirishani alimnong'oneza Shamimu mpango mzima.

Shamimu akasogea dirishani. "Na wewe umeamini?"

"Nimeuona muhuri."

"Haya," akasema Shamimu. "Nenda." Wala hakuongeza neno, na Talha, aliyezoea kubishiwa, alipaswa kuliona hilo. Hakuliona.

Kufufuka kulikuwa na gharama kuliko kufa. Mzee Kondo aliweka kalamu chini akamtazama juu ya kingo za miwani.

"Mie nimeshaandika umekufa. Muhuri wa balozi si wa kuchezea. Kufa ulitoa elfu mbili. Kuwa hai ni elfu nane."

"Mzee wangu! Kuwa hai kunapita kufa mara nne?"

"Kufa kila mtu anakufa. Kufufuka ni kazi ya kitaalamu."

Talha akauza viatu vyake vya ngozi na kanda mbili za taarabu. Barua ikaandikwa: "Mwenye barua hii, Talha Mwishehe, ninamfahamu, na kwa kadiri ninavyomuona yu hai." Akapiga picha za paspoti, kichwa kikiwa na nywele za wiki tatu na uso wenye vidonda vya mbu, jambo ambalo aliona litafaa sana kwa mtu aliyetoka chini ya kifusi.

Jumamosi saa nne aliingia Lipa Polepole Stores akichechemea, mkono mmoja ameufunga kwa kanga. Dukani kulikuwa na wateja, na alifurahi, maana habari nzuri inahitaji wasikilizaji. Benedicta alikuwa nyuma ya meza. Bwana Kasimiri, mnene, kimya, aliketi pembeni akinywa soda. Nje, chini ya kivuli cha ukuta, pikipiki ilisimama na nailoni yake.

Talha akasimulia. Siku tatu chini ya udongo, maji ya kulamba jiweni, sauti za wenzake zikififia. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua pasi alilia waziwazi. Benedicta alimwacha afike mpaka kwenye mkono wa mchimbaji mwema uliomvuta kutoka gizani, kisha akauliza taratibu:

"Kwa hiyo wewe ndiye Talha Mwishehe."

"Ndiye."

"Si Anwar."

"Anwar ni kaka yangu. Tumefanana. Karudi Mafia."

"Na uliyechukua televisheni, deki na friji kwa kadi tatu ni wewe mwenyewe, siyo mtu mwingine?"

"Mie mwenyewe, mama. Kwa mkono huu."

"Tia sahihi hapa kwamba u hai. Na hapa. Na hapa chini."

Akatia sahihi mara tatu, kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukizunguka kama moshi. Benedicta akakausha wino kwa leso yake, akatoa ile karatasi ya DENI LIMEFUTWA, akamwekea kidole kwenye mistari midogo.

"Soma, baba. Kwa sauti, na hawa wasikie."

Talha akasoma. Sauti iliyokuwa imeliza watu ikaanza kupungua kama redio inayokwisha betri. "Deni limefutwa kwa sababu ya kifo cha mdaiwa. Ikibainika mdaiwa yu hai, deni litarejea lote, pamoja na gharama za ufuatiliaji..."

"Laki nne na elfu ishirini," alisema Bwana Kasimiri. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Na pikipiki?" Talha aliuliza. Kuna watu ambao hata nyumba ikiungua wanaulizia chai.

"Pikipiki ipo. Ni ya Adelard. Pikapu inakula mafuta mengi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi atakuja nayo kwako." Adelard, aliyekuwa ameziba mlango, akatabasamu kwa mara ya kwanza, na haikupendeza.

Talha akaketi juu ya kiti cha kuuzwa. "Ulijua tangu lini, mama?"

"Siku ile ya chai. Mie yule mjane kanipa bakuli la sukari nitie mwenyewe. Wewe kakutilia vijiko vinne bila kukuuliza. Shemeji aliyefika jana kutoka Mafia, nani kamjulisha sukari yake? Mwanamke anayejua vijiko vya mwanamume, baba, huyo ni mkewe." Akafunga kalamu. "Lakini duka lisingeweza kumdai Anwar. Karatasi ilisema umekufa. Ilibidi uje mwenyewe utwambie u hai. Sasa chagua: kituo cha polisi tupeleke hii barua ya kifo, au elfu ishirini kila mwezi, kuanzia leo."

Talha alichagua elfu ishirini, kwa sababu nyumbani kulikuwa na bakuli. Njia nzima, kutoka Kinondoni mpaka Temeke, alijifariji nalo. Laki moja na elfu tisini: si haba. Atalipa ya miezi miwili, abaki na mtaji, atafute la kufanya.

Alikuta Shamimu yuko nje. Kanga nyeusi hakuna, amevaa gauni la kijani, na mlangoni pamelala marobota mawili ya mitumba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Bi Mwanabaraka alikuwa akiyakagua kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Shamimu. Lile bakuli."

"Lipi?"

"La rambirambi. Nimekamatwa. Nahitaji elfu ishirini leo leo, Adelard ananisubiri pale kona."

"Rambirambi tumeshanunulia mali. Nimekodi na meza sokoni Tandika. Bi Mwanabaraka ni mwenzangu."

"Lakini pesa ile ni yangu! Watu walinitolea mie!"

Shamimu akaweka mkono kiunoni. "Talha, umewahi kuona wapi marehemu anadai rambirambi?"

Wapangaji waliokuwa uani walijishughulisha na masufuria yao.

"Tena nikwambie," Shamimu akasema, sauti imeshuka. "Nilipokuwa humo ndani watu wananishika mkono, wananiambia pole, pole sana, umepata mtihani, mwanzoni nilikuwa nabana kicheko. Baadaye nikaona mbona nastahili. Miaka tisa hakuna aliyewahi kunipa pole. Nikaipokea." Akatoa noti mbili za elfu kumi kifuani, akazishika bila kumpa. "Hii nakukopesha. Kuanzia Jumatatu unabeba robota, unauza. Kila siku nakata kidogo. Ukitaka kurudi ndani, godoro linajua njia. Ukitaka kufa tena, safari hii ufe kweli."

Talha akazipokea. Hakukuwa na la ujanja la kufanya, na jambo la ajabu, alipompelekea Adelard zile noti pale kona, alirudi akitembea katikati ya barabara badala ya kupitia vichochoroni.

Jumatatu akabeba robota. Wiki ya kwanza mabega yalivimba na watu walikuja sokoni kumtazama tu. Walimwita Marehemu. "Marehemu, suruali hii shilingi ngapi?" Yule mzee wa saa ya dhahabu alimkuta ghafla nyuma ya rundo la makoti, akaketi chini, akaombewa maji. Alipopata nguvu alidai elfu tano yake. Talha akampa sweta mbili, na wakaachana wakicheka, wote wawili wakiamini wamepata faida.

Maana kuuza alijua. Ulimi ule ule uliokuwa ukiuza saa za bati sasa uliuza suruali za kitambaa kizito kwa watu wa joto la Dar es Salaam. Aliwaeleza ni za Ulaya ya ndani kabisa, ambako watu hawatoki jasho, kwa hiyo hazijawahi kuvaliwa kwa nguvu. Shamimu alikaa nyuma ya meza na daftari lake, akiandika. Hakumsifu hata siku moja, lakini mwezi wa pili Talha alianza kuona paja la kuku kwenye sahani yake, na godoro likaingia ndani.

Mwisho wa mwezi wa tatu aliyekuja kufuata elfu ishirini hakuwa Adelard. Ulikuja mwavuli. Benedicta alipokea pesa, akahesabu, akaandika stakabadhi, kisha badala ya kuondoka akaanza kupekua makoti. Akavuta moja la buluu, zito, lenye vifungo vya pembe.

"Nakwenda kwetu Desemba. Kule baridi. Hili shilingi ngapi?"

Talha alihisi damu yake ya zamani ikichemka. Koti lilikuwa la elfu mbili. "Kwa mwingine elfu tisa," akasema, mkono kifuani. "Kwako, mama, kwa vile sie ni watu wa nyumbani, elfu saba. Ona vifungo. Ona bitana. Hili lilikuwa la mke wa balozi, balozi wa nchi, siyo wa nyumba kumi."

"Elfu saba."

"Senti haipungui. Naapa."

Benedicta akalivaa koti pale pale juani, akajigeuza, akajitazama. "Nimelipenda," akasema. "Haya, elfu saba. Nitaipunguza kwenye deni lako."

Akafungua mwavuli, akaenda zake katikati ya meza za nyanya, koti linamfika magotini, jasho linamtiririka, hana haraka.

Talha alibaki na tabasamu lake. Elfu saba kwa koti la elfu mbili! Akamgeukia mkewe apongezwe.

Shamimu alikuwa ameshalamba ncha ya penseli. Akafungua ukurasa wenye jina la mumewe juu, akaandika taratibu, akisoma kwa sauti ili kusiwe na ubishi baadaye: "Talha. Kachukua koti moja. Elfu saba."